Ujumbe wa Saa Nne na Dakika Kumi

Nakaloke, Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, robo saa tu, ikalaza vumbi la barabara. Alhamdulillahi.

Wiki iliyopita daktari wa Mbale aliniambia kwamba moyo wangu umechoka. Nilimuuliza kama nitauona mwisho wa masika. Akatazama mikono yake, akasema, "Tuombe Mungu, mzee." Nimekuwa mwalimu miaka mingi, namjua mtu anapojibu swali ambalo hakuulizwa.

Kwa hiyo nimemwomba binti yangu Ramlah aniletee daftari na kalamu mbili. Alidhani nataka kuandika wosia wa shamba. Nimemwacha adhani hivyo.

Naandika Kiswahili kwa sababu jambo lenyewe lilitendeka kwa Kiswahili. Nyumbani tunasema Lugisu, na huku kwetu wengi wakisikia Kiswahili bado wanakumbuka viatu vya askari mlangoni. Mimi nilijifunza lugha hii jeshini, nikainyoosha Bungoma, Kenya, nilikofundisha miaka kumi na moja baada ya vita.

Haja yangu ni moja. Nataka, kabla sijafa, jina la Koplo Okoth lisafishwe. Mimi ndiye niliyelichafua.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Uji wa ulezi umepanda bila kichefuchefu. Nimeshukuru.

Jumamosi, 8 Machi

Ramlah amefunga, mimi nimekatazwa kufunga. Ananipikia akiwa na njaa, kisha anasimama mlangoni kuhakikisha nimemaliza. Ni mwanamke mgumu. Ana duka la jumla la mchele na sukari mjini Mbale, na wachukuzi wote wa mtaa ule wanamwogopa. Chumvi ameificha. Nilipomuuliza iko wapi, alisema iko mahali ambapo watu wenye moyo mbovu hawafiki.

Jumanne, 11 Machi

Pumzi zimekaa vizuri tangu alfajiri. Ramlah yuko dukani. Niandike sasa.

Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili, mwaka wa 1979. Nilikuwa sajenti wa mawasiliano katika kituo kidogo pembeni mwa Jinja: chumba kimoja, redio mbili, simu ya kuzungusha kwa mkono, na daftari la ujumbe. Vita vilikuwa vimepanda kutoka kusini hadi karibu na Kampala. Kila siku malori yalivuka mto yakielekea mashariki, yamejaa askari, magodoro na mbuzi. Sisi tuliobaki tulinyoa ndevu kila asubuhi, kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Juu ya kilima, mwendo wa nusu saa kutoka kwetu, palikuwa na mzinga wa kutungulia ndege. Mkuu wake alikuwa Koplo Okoth, Mjapadhola wa upande wa Tororo, kijana wa miaka ishirini na sita. Kila nilipompigia simu alijibu, "Hapa mbinguni. Nani anaita kutoka duniani?" Nilimpenda. Wote tulimpenda.

Ndege zetu zilikuwa na ishara yake. Zilipaswa kuja kutoka kaskazini, zikifuata mto, magurudumu yameshushwa. Ndege yoyote iliyotokea upande wa ziwa ilihesabiwa kuwa ya adui. Asubuhi ile, saa nne na dakika kumi, nilipokea amri mpya redioni: ishara ya zamani imejulikana kwa adui. Kuanzia sasa ndege zetu zitatokea ziwani, na zitatikisa mabawa mara mbili. Mizinga yote iambiwe mara moja.

Hapa lazima nieleze mazoea yetu. Daftari lilikuwa na safu mbili, saa ya kupokea ujumbe na saa ya kuufikisha. Ofisa wetu alilikagua kila jioni, na aliyechelewesha ujumbe hata dakika tano alilala mahabusu. Kwa hiyo sisi wa chumba kile tulijaza safu zote mbili papo hapo, kisha ndipo tukazungusha simu. Hatukuona dhambi. Simu ilizungushwa kila mara. Kwa miaka minne safu ile ilisema uongo wa dakika mbili tatu, na hakuna aliyeumia.

Nikaandika: imepokelewa 4:10, imefikishwa 4:12. Nikashika mpini wa simu. Hapo bomu la kwanza likaanguka upande wa stesheni ya reli.

Nilikimbia. Sikuzungusha. Nilitoka kwa mlango wa nyuma nikajitupa handakini, na kutoka mle nikaviona vita vya angani, vya kwanza na vya mwisho maishani mwangu. Ndege zilikuwa nne juu ya ziwa, mbili zetu na mbili zao, ndogo kama mbayuwayu. Zilipinda, zikapanda, zikaanguka, na mlio wake ulitufikia baadaye, kama mtu anayesimuliwa kitu kilichokwisha. Moja yetu iliingia majini. Sikuona moshi, niliona maji meupe tu. Ghala la pamba lilikuwa linawaka. Mwanamke mmoja alipita karibu na handaki akikimbia na cherehani kichwani na mtoto mgongoni, na askari wa darajani walikuwa wakipiga bunduki kuelekea juu bila kulenga chochote. Nilimwita Mungu kwa majina yote niliyofundishwa.

Baada ya nusu saa mabomu yalinyamaza. Nikarudi chumbani. Vioo vilikuwa sakafuni. Redio ilikuwa bado inanguruma, na daftari lilikuwa wazi juu ya meza. Nikausoma mstari wa mwisho. Imefikishwa 4:12. Mwandiko wangu.

Nikauamini.

Asiyewahi kuifanya kazi ile hataelewa. Tulifundishwa kwamba kichwa husahau katika hofu, daftari halisahau. Nilitoka handakini masikio yakivuma, sikumbuki hata jina la mama yangu, na karatasi ikaniambia kwamba kazi nilishaifanya. Nikashukuru.

Dakika chache baadaye ndege yetu ya pili ikatokea ziwani, chini, ikiwa peke yake. Ikatikisa mabawa mara mbili. Mzinga wa kilimani ukapiga. Rubani alikuwa Luteni Emma Okiror wa Bukedea, ambaye mkewe alikuwa na mimba ya miezi sita. Aliangukia kwenye miwa ng'ambo ya mto.

Kisha simu yangu ikalia. "Duniani," alisema Okoth, akihema kwa furaha, "tumempata mmoja."

Ndipo nikakumbuka mpini wa simu mkononi mwangu.

Siku ya tatu ilikaa mahakama ya kijeshi, maofisa watatu na meza. Daftari lilifunguliwa. Okoth alisema, "Sikusikia simu, afande." Ofisa akamuuliza, "Hukusikia, au haikulia?" Okoth alikuwa amepiga mzinga mara mbili alfajiri ya siku ile, masikio yake yalikuwa yakilia kama panzi. Akafikiri. Alikuwa mtu mkweli. Akasema tena, "Sikusikia." Wasaidizi wake wawili walikuwa wameshatoroka, hakuna aliyeweza kumsemea. Mimi niliulizwa kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu. Kama ujumbe nilifikisha. Nikasema, "Ni kama daftari linavyosema."

Maneno manne. Walimpiga, wakamtia mahabusu asubiri kupigwa risasi. Mji ulianguka kabla ya siku yake, walinzi wakakimbia, mtu akawafungulia wafungwa mlango. Hayo niliyasikia nikiwa Bungoma. Lakini jina lilibaki: Okoth aliyemuua rubani wetu, wengine wakasema kwa kununuliwa.

Kuna neno moja la siku ile sijaliandika. Mkono umekataa.

Jumatano, 12 Machi

Sikuweza kuinuka. Muuguzi Gorreti amenichoma sindano akaniimbia wimbo wa kanisani kwao. Nimesema amina.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwambia Ramlah. Nilimwambia baada ya kufuturu, ili angalau asisikie akiwa na njaa. Aliacha chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Baba, wacha. Watu wamezikwa, wamelia, wamenyamaza. Wewe unataka kufa mwepesi, mzigo ubaki kwa nani?"

Hakukosea. Lakini nilimwambia kwamba Okoth hakuzikwa. Yuko Jinja. Mwaka 1996 nilimwona kwa macho yangu, basi liliposimama karibu na duka la Mhindi mmoja aitwaye Kanubhai: amekaa mlangoni na rungu la mlinzi. Niliinama kana kwamba nafunga viatu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

Ramlah aliondoa vikombe.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Ramlah hasemi nami ila kuhusu dawa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Vivyo hivyo.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Ramlah amenipikia malewa, machipukizi ya mianzi, kwa karanga, akatia na chumvi, kidogo. Nilijua kuna habari. Aliniambia bila kunitazama kwamba amepiga simu Jinja mara saba wiki hii, kupitia watu wa soko. Kanubhai alishafariki, mjane wake Nalini yuko, na Okoth anaishi chumba cha uani kwake. Hawezi kuzungumza kwa simu kwa sababu masikio yake yamekufa kabisa. "Tutakwenda," akasema. "Siyo kwa ajili yako. Nimelala siku kumi na nne nikimfikiria yule mama wa cherehani."

Nimekula sahani mbili. Namshukuru Mungu kwa mtoto huyu niliyemwogopa.

Jumatatu, 7 Aprili

Tulikuwa tuondoke leo. Miguu imevimba. Hatukuondoka.

Jumatatu, 14 Aprili

Maji yamefunika barabara kwenye mafunjo ya mto Mpologoma. Hatukuondoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeota nimefika Jinja, na yeye ameshakufa jana yake. Ramlah anasema ndoto ya mchana ni shibe tu.

Jumatano, 23 Aprili

Tulikwenda jana. Naandika polepole.

Ramlah aliendesha gari mwenyewe. Alinifunga kwa mto na blanketi kama kreti ya mayai. Mashamba ya mpunga ya Tirinyi yalikuwa ya kijani hata macho yakauma. Nilishukuru kwa kila daraja tulilovuka.

Nyumba ya Mama Nalini iko katika mtaa wa zamani, ina baraza pana na rangi iliyobanduka. Uani wanawake watatu walikuwa wakifua. Okoth alikaa juu ya kigoda, amezungukwa na matairi chakavu, anakata viatu. Ni mnene! Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimemweka moyoni kama mtu aliyekonda. Ana kitambi, ana meno machache, na anacheka na wale wanawake kwa ishara za mikono.

Alinitazama muda mrefu. "Swaibu wa mawasiliano?" akasema, kwa sauti ya mtu asiyejisikia mwenyewe. "Wewe iko mzima? Mimi nilisikia wewe ulikufa Kenya."

Nilisema bado kidogo. Hakusikia.

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwa siri, mdomo karibu na sikio, kama toba inavyostahili. Nilianza hivyo. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nikasema tena. Akatikisa kichwa. "Piga kelele, afande. Huku mbinguni hakufiki kitu."

Basi nikapiga kelele. Nikamwambia habari ya daftari, safu mbili, bomu, handaki. Wanawake wakaacha kufua. Mama Nalini akatoka barazani na miwani yake. Nilipofika kwenye simu pumzi zikaniishia. Nilifungua kinywa, hapakuwa na sauti. Nilidhani nitafia pale pale, na jambo lenyewe bado kooni.

Ndipo Ramlah akanisogeza pembeni. Binti yangu, aliyeniambia wacha, alipiga magoti kwenye vipande vya mpira, akamshika Okoth mabega, akapaza sauti ile inayoogopesha wachukuzi wa Mbale:

"Anasema simu haikulia! Hakukupigia! Haikulia!"

Nafikiri mtaa mzima ulisikia.

Okoth alishika kisu chake bila kukata. "Haikulia hata kidogo?"

"Hata kidogo!"

"Siyo mimi sikusikia?"

"Haikulia, baba!"

Akaweka kisu chini. Miaka arobaini na sita alikuwa ameamini kwamba simu ililia na masikio yake ndiyo yaliyomuua Luteni Emma. Aliwageukia wafuaji nguo, mmoja mmoja. "Mmesikia? Mimi ni kiziwi. Lakini siku ile sikuwa kiziwi."

Mama Nalini akaanza kulia. Alitwambia baadaye kwamba Okoth amekataa kifaa cha masikio mara tatu. Alikuwa akisema hiyo ni adhabu yake, aachiwe.

Sikusamehewa. Nisidanganye hapa. Nilimpa mkono, akautazama, akaurudisha pajani mwangu kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu alichopewa kwa makosa. Akasema, "Wewe ulikunywa chai ya Kenya miaka mingi. Mimi nilifukuzwa hata na mbwa." Kisha akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Na mabawa? Niliona yanatikisika. Nilidhani ameshaumia."

Nikamtazama Ramlah. Ramlah akamwambia kwamba ile ndiyo ilikuwa ishara mpya.

"Kumbe alikuwa ananisalimia," akasema Okoth, na akajifunika uso kwa ngozi ya tairi.

Alipotulia alitueleza anachotaka. Hapa Jinja jina lake si kitu, wengi ni wageni. Anataka Bukedea. Mara tatu ameenda kwa watu wa Luteni kuomba akae kaburini hata saa moja. Mara ya kwanza mjane alimmwagia maji ya vyombo. Mara ya mwisho, mjane akiwa ameshakufa, binti yake Norah, aliyezaliwa baada ya baba kuanguka, alimwambia akirudi tena ataitiwa polisi. Norah huyo ni mwalimu wa hesabu Mbale. Mji wangu! Labda nimewahi kupishana naye sokoni.

"Mimi nikisema, naonekana najitetea," Okoth akasema. "Sema wewe. Wewe ndiye mtu wa kufikisha." Hapo akacheka kidogo, na mimi sikujua niweke wapi uso wangu.

Ramlah aliendesha polepole wakati wa kurudi. Karibu na Mbale, mlima wa Wanale ulipotokea mawinguni, alinyoosha mkono akalirekebisha blanketi langu.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimelala kutwa. Koo la Ramlah limekauka, anauza mchele kwa ishara.

Ijumaa, 2 Mei

Barua kwa Mwalimu Norah imekwisha. Nimeiandika mara nne. Ya kwanza ilikuwa na sababu nyingi. Ya nne haina hata moja. Gorreti ameipeleka shuleni mwenyewe, akarudi kuniambia ameipokea mkononi.

Jumatano, 7 Mei

Kimya. Mvua usiku na mchana. Migomba ya jirani imelala.

Jumamosi, 10 Mei

Kimya. Gorreti anasikiliza kifua changu kwa muda mrefu kuliko zamani.

Jumanne, 13 Mei

Amekuja.

Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwavuli wa kiume. Alikaa wima kwenye kiti karibu na kitanda changu. Ramlah alileta chai, hakuigusa. Alisema ameisoma barua na ana maswali. Alikuwa ameyaandika kwenye karatasi, kwa namba.

Aliuliza saa. Aliuliza umbali wa kilima. Aliuliza kama simu ilikuwa nzima. Nilijibu yote. Kisha akakunja karatasi, akauliza jambo ambalo halikuwamo: "Ni nani wa mwisho kuongea na baba yangu?"

Nilijua siku moja mtu ataliuliza. Nilikuwa nimeomba nife kabla. Sasa nashukuru sikusikilizwa.

Nikamwambia ni mimi. Ndege ilipokaribia, Luteni Emma aliita redioni. Alisema mwenzake ameanguka ziwani, na kwamba mafuta yake ni kidogo, atapita juu ya mji. Kisha akauliza, "Jinja, mizinga imeambiwa?"

Daftari lilikuwa mbele yangu. Nikausoma mstari. Nikamjibu, "Imeambiwa."

Ningesema subiri, angesubiri. Angegeuka. Hilo ndilo neno ambalo mkono wangu ulikataa kuliandika mwezi Machi. Sikumwambia Okoth, sikumwambia mke wangu hadi anakufa. Ramlah alikuwa amesimama mlangoni na sinia, akilisikia kwa mara ya kwanza.

Norah akauliza, "Naye akasema nini?"

"Akasema, 'Asante, Jinja. Naiona daraja.'"

"Daraja," akasema yeye.

"Ndiyo."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari. Badala yake aliuliza sauti ya baba yake ilikuwaje. Sikuelewa. Akasema, polepole kama anayemweleza mwanafunzi mzito, kwamba hajawahi kumsikia. Hakuna kanda, hakuna chochote. Mama yake alikuwa akiiga kicheko chake, basi. Alitaka kujua kama ilikuwa nene au nyembamba, kama alisema haraka, kama alikuwa na hofu.

Nikafumba macho, nikasikiliza. Ilikuwepo. Nimeibeba miaka yote hii kama jiwe, kumbe nilikuwa nimewekewa amana ya mtu. Nikamwambia ilikuwa nyembamba kuliko mwili wake, ya puani kidogo. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kiteso, hakikuwa na haraka. Alisema asante kama mtu aliyefunguliwa geti la nyumbani. Hofu haikuwepo. Kwa sababu yangu haikuwepo.

"Sema tena alivyosema," akaniamuru.

Nikasema. Akataka mara ya pili, nikasema. Mara ya tatu aliisema mwenyewe, midomo tu.

Kisha akanywa chai, iliyokuwa baridi, yote. "Mzee," akasema, "mimi sijui kama nimekusamehe. Sitaki kumdanganya mtu anayekufa."

Nilimwambia sikumwita kwa hilo. Nilimwomba amwache Okoth akae kaburini.

Akatazama dirishani. Alisema ukoo wao unalijengea kaburi saruji mwisho wa mwezi huu, na watafanya ibada. Alisema mama yake alimwaga maji yale kisha akalia jikoni hadi jioni, na yeye hakuwahi kuelewa kwa nini. Akamwomba Ramlah namba ya Jinja.

Simu ilipokelewa na Mama Nalini. Ikawa ni maneno ya watu watatu: Norah anasema, Mama Nalini anapaza sauti uani, Okoth anajibu kwa sauti tuliyoisikia hata sisi bila simu kuwekwa sikioni. Aliuliza ni nani. Akaambiwa ni binti wa Luteni Emma. Norah akaangalia kama simu imekatika.

"Anauliza," akasema Mama Nalini, "aje na nini?"

Kwetu huku huendi kwenye msiba wa watu mikono mitupu, na mwenye damu ya mtu mkononi huja na ng'ombe. Norah alilijua hilo. Alikunja mwavuli wake uliokuwa umeshakunjwa.

"Mwambie aje na miguu yake," akasema.

Jumatano, 14 Mei

Ramlah aliingia asubuhi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akanikata kucha za miguu. Alikata zote kumi, taratibu, akazifunga kwenye karatasi. Sina la kuandika zaidi ya hilo, na nimekaa nalo kutwa.

Jumanne, 20 Mei

Mvua inapungua. Vijiko vitatu vya uji.

Jumatatu, 26 Mei

Vijiko viwili. Gorreti anasema kesho atakuja mara mbili. Siogopi. Namshukuru Mungu kwa hewa, inayokuja kidogo kidogo lakini inakuja.

Jumamosi, 31 Mei

Naandika mistari michache, Ramlah ameshika daftari.

Barabara ya kwenda Bukedea inapita hapa kwetu, kwa hiyo saa tatu asubuhi gari la Mwalimu Norah lilisimama. Okoth alishuka. Suti ilikuwa ya marehemu Kanubhai, mikono mirefu, kitambi hakifungiki. Kwenye sikio alikuwa na kifaa kipya, alikionyesha kama mtu anayeonyesha medali. Anasema kelele za Mbale ni upuuzi mtupu, alikuwa hajapoteza kitu.

Mimi sikuweza kwenda. Hata kuketi siwezi. Aliingia chumbani akasimama kando ya kitanda changu, akanitazama nilivyo. Norah alipiga honi nje, watu walikuwa wanangoja. Nilimtakia safari njema. Nadhani nilimwomba anifikishie salamu kule kaburini, akasema salamu zangu nizipeleke mwenyewe, kwani nitafika kwa Luteni kabla yake.

Ramlah alicheka, kisha akaona haya.

Okoth hakutoka. Alizunguka kitanda, akauchukua mkono wangu, ule ule aliourudisha Jinja, akaushika kwa mikono yake miwili inayonuka mpira.

"Nitarudi jioni," akasema. "Nataka nikusimulie yote, kaburi, wimbo, chakula. Usikufe kabla sijarudi. Hiyo ni amri, afande."

Nimemwambia nitajaribu.